Kabla hujawasha siga ya Kuba, geuza boksi

Chini ya boksi la siga za Kuba kuna mhuri wa mwezi na mwaka lilipofungwa, mwezi ukiwa umefupishwa kwa Kihispania: ENE 23 ni Januari 2023. Kama mwaka haujatimia, subiri. Tumbaku changa bado inatoa amonia, na ukiivuta utaisikia puani kabla ya ladha yoyote. Siga nyepesi mwaka mmoja au miwili unazitosha. Zile kali ziachie hata mitano. Kungoja miaka ishirini mimi naona ni kujitesa, maana ladha nayo hufifia.

Zikae kwenye sanduku la mbao za mwerezi linalofunga vizuri, unyevu asilimia 65 hadi 70, joto nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi. Sisi wa Dar na Mombasa tuchunge joto hasa: likipita nyuzi 24, mayai ya kidudu cha tumbaku huweza kuanguliwa, na ukija kufungua unakuta matobo. Friji ya jikoni usiitegemee, inakausha na kutia harufu ya samaki.

Zilizosafirishwa kwa ndege zipumzishe wiki tatu nne hivi.