Kabla hujapima sumu ya kemikali kwa bakteria wa majitaka, anza na tope

Kipimo namba 209 cha OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi linalotoa miongozo ya kupima kemikali, kinauliza jambo moja: kemikali hii ikifika kwenye mtambo wa majitaka, bakteria wataendelea kupumua? Unaikutanisha na tope hai, yaani tope la mtamboni lililojaa bakteria wanaosafisha majitaka, kwa saa 3 huku hewa ikipulizwa, kisha unapima oksijeni inavyoliwa kwa kasi gani. Saa 3 si kazi kubwa. Kazi iko kwenye tope, na hapo ndipo nakuomba usifanye haraka.

Lichukue kwenye tangi la kupulizia hewa la mtambo unaopokea zaidi majitaka ya majumbani. Tope lililozoea maji ya kiwandani huenda limeshaizoea hata hiyo sumu yako, likakuonesha kwamba haina neno. Uliza pia mtambo ni wa aina gani kabla hujapanda gari, maana mabwawa ya wazi kama yale ya Dandora, huko Ruai, Nairobi, husafisha kwa njia nyingine na hayana tope hili. Usijaze dumu hadi mdomoni, waachie bakteria hewa. Ukifika, fungua unuse. Tope zima hunukia kama udongo ulioloa mvua. Likitoa harufu ya yai viza, limekosa hewa, kachukue jingine. Lichuje, lioshe kwa maji ya bomba, ulitumie siku hiyohiyo. Ikibidi lilale, liwekee pampu ya hewa, hata ile ya tangi la samaki, na ulilishe mililita 50 za majitaka ya kutengeneza maabara kwa kila lita ya tope.

Kwenye chupa ya kipimo iwemo gramu 1.5 ya tope kavu kwa lita, pH (kipimo cha uasidi) karibu na 7.5, joto nyuzi 20, kupungua au kuzidi 2. Dar es Salaam au Mombasa huipati nyuzi 20 bila kupoza, kwa hiyo andaa mapema.

Kemikali nayo ichunguze. Inaruka na hewa? Inayeyuka majini? Je, yenyewe inakula oksijeni? Weka salfaiti ya sodiamu kwenye maji matupu: oksijeni itashuka bila bakteria hata mmoja, nawe kwenye kipimo utadhani ni tope linalopumua vizuri. Ndiyo maana lazima iwepo chupa yenye kemikali lakini haina tope.

Andaa pia seti ya pili ya chupa yenye alilithiourea, inayowazima bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti. Hao ni dhaifu kuliko wenzao. Wanaweza kuzimika wote na upumuaji wa jumla ukapungua kidogo tu, usigundue bila kulinganisha seti hizo mbili.

Mwisho weka 3,5-diklorofenoli, sumu ya kulinganishia. Kiasi kinachopunguza upumuaji wa jumla kwa nusu kiwe kati ya miligramu 2 na 25 kwa lita. Chupa zisizo na kemikali zile angalau miligramu 20 za oksijeni kwa kila gramu ya tope kavu kwa saa. Zisipofika, usiandike ripoti. Rudi mtamboni na dumu jingine.