Kucha au ngozi imezidi kuharibika: namna ya kudai asilimia zaidi VA na kukata rufaa

Mwongozo huu ni wa mwanajeshi mstaafu wa Marekani ambaye VA (Idara ya Maveterani ya Marekani) imeshakubali kwamba ugonjwa wake wa ngozi au kucha ulitokana na utumishi, lakini asilimia ya ulemavu aliyopewa, ile inayoamua malipo yake, ni ndogo.

1. Jipime kwa kipimo chao

Muwasho na aibu ya kuvua viatu mbele za watu havimo kwenye hesabu. VA wanatazama miezi 12 iliyopita: eneo la mwili lililoathirika, au dawa uliyotumia. Namba ya mwisho katika kila mstari ni asilimia ya ulemavu utakayopewa.

- Dawa ya kupaka tu, eneo chini ya asilimia 5: 0.
- Eneo la asilimia 5 hadi chini ya 20, au dawa ya kumeza au sindano kwa jumla ya chini ya wiki 6: 10.
- Eneo la 20 hadi 40, au dawa hizo kwa wiki 6 na zaidi: 30.
- Zaidi ya 40, au dawa karibu mwaka mzima bila kukatika: 60.

Kucha zote za miguu hazifiki asilimia 5 ya mwili, kwa hiyo mwenye fangasi ya kucha hubebwa na dawa. Terbinafine ya kumeza, miligramu 250 kwa siku, kwa kawaida huandikwa wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu. Hizo 12 zinavuka mstari wa 30. Tafadhali usiombe vidonge kwa ajili ya asilimia. Vinaweza kuumiza ini.

2. Chagua mlango sahihi

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kama hali imezidi baada ya uamuzi, peleka dai la nyongeza kwa fomu 21-526EZ, ukitanguliza 21-0966, taarifa ya nia ya kudai, ili tarehe yako ihifadhiwe kwa mwaka mmoja. Kama uamuzi ndio uliokosea, chagua fomu moja ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi: 20-0995 ukiwa na ushahidi mpya (hii hupokelewa hata baada ya mwaka, ila unaweza kupoteza tarehe yako ya awali), 20-0996 kama ushahidi ulikuwepo wakausoma vibaya na unataka mkaguzi wa ngazi ya juu aupitie upya, 10182 kwenda kwa majaji wa Bodi ya Rufaa ya Maveterani. Anayetuma 20-0996 akaambatisha picha za jana anapoteza muda, kwa sababu mkaguzi haruhusiwi kuzitazama.

3. Kusanya karatasi

Omba duka la dawa orodha yenye tarehe za kuchukua dawa, idadi ya vidonge na siku zake. Vidonge 30 mara tatu ni siku 90. Piga picha ugonjwa unapochachamaa, rula pembeni, tarehe ionekane. Mwenzi wako aandike alichokiona kwenye 21-10210, fomu ya maelezo ya shahidi.

4. Siku ya uchunguzi wa kitabibu wa VA

Nenda bila rangi ya kucha. Ngozi ikiwa imetulia siku hiyo, sema hivyo na uonyeshe picha. Taja dawa kwa jina, njia na wiki. Usikose miadi, dai linaweza kufa hapo.

5. Soma ripoti kabla ya rufaa

Omba nakala ya ripoti ya uchunguzi. Kosa la kawaida ni kisanduku cha "dawa ya kupaka" kuwekewa alama ilhali ulimeza vidonge. Kama orodha ya dawa ilikuwa faili tayari, tuma 20-0996 na uombe mazungumzo ya simu na mkaguzi. Mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama cha wastaafu atakusaidia bila malipo. Kwenye simu, mpe mkaguzi ukurasa, tarehe ya kwanza ya dawa, tarehe ya mwisho, na jumla ya wiki.