Kupanga chati za karatasi ukiwa peke yako kwenye mawingu ya Ziwa

Hii nawaandikia nyie mnaojifunza kuruka kwa vyombo hapa Mwanza, yaani kuongoza ndege kwa kutazama vipimo vya ndani tu bila kuona nje, hasa mnaoruka bila msaidizi. Najua siku hizi tableti zipo, sawa, ila tableti ikipigwa jua inapata joto inazima, karatasi haizimi. Ubaya wa karatasi ni kwamba inavuta kichwa chako chini, na kupanga kote ni ili kichwa kisihame.

Siku moja natoka Bukoba asubuhi, wote mnajua Ziwa linavyopika mvua usiku mpaka alfajiri, niko ndani ya wingu karibu na Kome nakata kona ndogo ya kushoto, mchoro wa kutua ukateleza gotini ukadumbukia kati ya kiti na mlango. Nikainama kuuokota. Kuinua kichwa tu nahisi ndege inabiringika, yaani mwili mzima unaniambia tunapinduka, mkono umeshaanza kusukuma usukani, kumbe horizoni bandia, kile kipimo kinachoonyesha ndege imelala vipi, inaonyesha kona ileile ndogo ya kushoto. Ni yale maji ya ndani ya sikio, ukiinamisha kichwa ndege ikiwa kwenye kona yanakudanganya vibaya sana. Toka siku hiyo karatasi ikianguka naiacha, naomba muongoza ndege anisomee namba.

Sasa kazi inafanyika chini, injini haijawashwa. Toa michoro kwenye faili, ipange kwa mpangilio utakaoitumia: uwanja, kuondoka, njia, kutua, na nyuma yake moja kwa moja uwanja mbadala, mfano Kilimanjaro au Entebbe. Mbadala usiuache kwenye begi siti ya nyuma jamani, utauhitaji wakati ambao una kazi nyingi kuliko zote. Angalia na tarehe, mabadiliko yanatoka kwa mzunguko wa siku 28, mchoro wa zamani uchane kabisa usije ukajichanganya.

Chati ya njia ikunje mpaka ubaki mstari wako na kama maili 20 kila upande. Mchoro wa kutua ubane kwenye usukani kama una kibanio, pale uko karibu na vyombo kuliko gotini, alafu zungusha usukani mpaka mwisho kulia, kushoto, uvute nyuma, hakikisha karatasi haigusi kitu. Penseli ifunge na kamba. Usiku tumia taa nyeupe hafifu, ile nyekundu inafuta wino mwekundu, unaweza usione kabisa kitu kilichochorwa.

Kabla hujaanza kushuka, ukiwa bado umetulia juu, soma mchoro kwa sauti: masafa ya redio, hedingi (uelekeo wa ndege) ya mwisho, kimo cha chini kabisa, na ukikosa kuona uwanja unapanda kwenda wapi. Hiyo ya kupanda tena shika kichwani hatua mbili za kwanza, hedingi na kimo, maana wakati ule hakuna kusoma. Na hapa kwenye kimo wengi wanakosea, uwanja wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kwenye altimeta (kipima kimo) yenye QNH, yaani iliyowekwa isome kimo kutoka usawa wa bahari, namba yoyote chini ya hapo ni ndani ya udongo. Ile namba ndogo kwenye mabano ya mchoro ni urefu kutoka ardhini, usiifuate kwenye altimeta, ile namba kubwa ndo uizungushie kwa penseli.

Ukishaanza kushuka unachungulia tu: namba moja, rudi kwenye horizoni, iweke, rudi kwenye horizoni, ndo uchukue nyingine. Kidole gumba kiache pale ulipoishia ili jicho likirudi lisianze kutafuta upya. Ukiona umeshachungulia mara tatu hujaipata namba, acha kushuka, shikilia kimo, omba kuzunguka huko juu ya Ziwa mpaka ujipange.