Somo: Kuwafundisha wazee historia ya sanaa, tunavyofanya Iringa

Kamwene, ndugu zangu. Mhadhara wangu wa kwanza kwa wazee ulikuwa na picha 60, kuanzia mapango ya Ufaransa hadi Picasso. Kufika picha ya 20, babu wa safu ya mbele alikuwa anakoroma. Sikumlaumu. Nilibadilisha haya.

Hatua ya 1: Anza na kitu ambacho mikono yao inakijua. Naja na chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa kando ya Ziwa Nyasa, na kikapu cha milulu, majani marefu ya kusukia. Kabla projekta haijawashwa, vinazungushwa kila mtu avishike. Bibi aliyewahi kusuka ataanza kukosoa ukingo wa kikapu. Hapo tayari anachambua umbo na mkono wa fundi.

Hatua ya 2: Picha sita zinatosha. Dakika 20 nzima nampa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Simtaji kwanza. Naonyesha picha na kuuliza: "Rangi inayong'aa hivi mmeiona wapi?" Aliyemiliki baiskeli zamani haumizi kichwa: ni rangi ya baiskeli! Basi wanaanza kuelewa wenyewe kwa nini maumbo ni bapa, mistari imekatwa wazi, na madoa ya chui yamepangwa kama shanga. Rangi ile si rahisi kuilainisha taratibu kutoka iliyokolea hadi hafifu. Kisha nawaambia alivyokufa mwaka 1972, kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Ukumbi unanyamaza. Alichora miaka minne hivi tu, na mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Hatua ya 3: Saa nne asubuhi, jua likishapasha, maana baridi ya Juni huku haina adabu. Viti vyenye egemeo, nusu duara, choo karibu. Usiongee umegeukia ukutani. Wengi wanafuata midomo yako kuliko sauti.

Hatua ya 4: Watoe nje. Sisi tunakwenda Igeleke, karibu na mji, penye michoro myekundu ya watu na wanyama mwambani. Mzee mmoja aliitazama kitambo, akasema, "Huyu alikuwa mwindaji. Mgongo wa mnyama anaujua." Sikuongeza neno.

MASWALI YA WANACHAMA

Tukuyu: Wazee wangu wanasema vinyago ni ushetani. Nifanyeje?
Jibu: Usibishane. Anza na kinyago cha Kimakonde cha ujamaa, kile cha watu waliobebana kwenye gogo moja la mpingo. Waulize nani kambeba nani. Watakutajia koo zao. Ule mtindo wa Kimakonde uitwao shetani, wa viumbe vya ajabu kama mizimu, ulioanza miaka ya 1950, uache mpaka mkutano wa tatu. Utaona ubishi mtamu.

Mafinga: Umeme ukikatika je?
Jibu: Chapisha picha zote kwenye karatasi kubwa. Binafsi siku hizi natamani ukatike. Karatasi wanaishika, wanaisogeza dirishani, wanagombania.

Makambako: Tutumie Kiswahili au Kibena?
Jibu: Wewe sema Kiswahili. Bibi akianza kueleza chungu kwa lugha yake, usimkatishe, jirani atatafsiri. Nami hukaa na daftari: mdomo wa chungu, shingo, tumbo, kila sehemu ina jina, na kuna bibi alinirudisha mara tatu nilipoyaandika vibaya.