Mboga zimedumaa kivulini? Pima jua kwanza, mbolea baadaye

Huku Ujiji nyua nyingi zina mwembe au mchikichi. Chini yake tunapumzika, tunachambua dagaa, watoto wanacheza. Zinazoumia ni mboga. Mchicha wangu wa kwanza ulifika wiki ya sita ukiwa na urefu wa kidole. Nikaongeza samadi, nikaongeza maji, miche ikaanza kuanguka kwa kinyausi, ule ugonjwa unaoozesha shina la miche. Kumbe ilikuwa inalilia jua.

Hatua ya 1: Usome mmea. Ulionyimwa jua hurefusha shina jembamba, majani hukaa mbalimbali, na wote huinamia penye mwanga. Ukiona shina fupi lililosimama wima na majani ya chini yamekuwa njano, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Hapo samadi iliyooza vizuri itasaidia.

Hatua ya 2: Hesabu saa za jua. Siku isiyo na mawingu, chomeka vijiti vinne tutani. Vipitie kila saa tangu asubuhi hadi jioni, uandike vilivyopigwa na jua. Nyanya, bamia na pilipili zinataka saa 6 au zaidi. Mchicha pia, ingawa wengi huuweka kivulini kwa kuwa ni mboga ya majani. Ule ni mmea wa jua kali kama mahindi. Sukuma wiki, chainizi na spinachi huvumilia saa 4 hivi. Pasipofika saa 3, panda magimbi.

Sasa jambo lililonichelewesha mimi: kivuli huhama. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, kivuli kikaangukia kusini. Desemba ni kinyume. Tena sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, jua linafika juu kabisa karibu saa 7 mchana, si saa 6. Saa hiyo, mwezi Juni, ncha ya mwembe wa mita 8 hutupa kivuli kama mita 4 kusini mwa shina. Kwa hiyo tuta la kiangazi, lile la kumwagilia kwa ndoo, liweke kaskazini mwa mti. Ukipima Desemba ukapanda Juni, umepotea.

Hatua ya 3: Fungua mwanga. Pogoa matawi ya chini ukishavuna maembe. Mti ukiwa wa jirani, nenda ukaongee naye kabla ya kushika panga. Ukuta ulio karibu upake chokaa, utarudisha mwanga tutani.

Hatua ya 4: Maji na nafasi. Ng'oa miche iliyobanana. Sukuma wiki iachie sentimita 45. Ingiza kidole udongoni kabla ya kumwagilia. Kwenye kivuli cha ukuta unyevu hukaa sana, na ndio unaoleta kinyausi na konokono. Chini ya mwembe ni tofauti, mizizi yake huyanywa maji yako yote.

Hatua ya 5: Pakishindikana, hamia kwenye mfuko wa salfeti. Toboa kitako, ikunje hadi nusu, jaza madebe 2 ya udongo kwa debe 1 la samadi, uiweke palipo na jua.

Baada ya wiki mbili tazama majani mapya tu. Mchicha uliokwisha kurefuka haunenepi tena: ung'oe, upike, umwage mbegu nyingine upande wenye jua.