Kubadilisha Springi ya Nyuma Iliyovunjika kwenye Land Rover Series III

Pikapu ya Land Rover Series III ya inchi 109, ambayo ni ya kizazi kilichoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, hubeba mzigo wake wa nyuma juu ya springi mbili za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kushikwa katikati na senta bolti. Jani kuu, lile lenye jicho (tundu la kupitisha bolti) kila mwisho, likikatika, ekseli hukosa kitu cha kuizuia isisogee mbele au nyuma, na gari huanza kwenda upande hata kama umeunyoosha usukani.

Kabla ya kufungua chochote, simamisha gari mahali tambarare na upime kwa tepu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia na wa kushoto. Vipimo vikipishana waziwazi, huenda jani kuu limekatika, au senta bolti imekatika na ekseli ikateleza. Isugue springi kwa brashi ya waya, kisha ichunguze hasa karibu na yuboliti, yaani bolti zilizokunjwa mfano wa herufi U, zinazoibana kwenye ekseli. Ukilipata jani lililokatika, tazama uso wa mkato wenyewe: sehemu yenye kutu ya kahawia ni ufa uliokuwapo kwa muda mrefu bila kuonekana, na sehemu inayong'aa ndiyo iliyoachia siku ya mwisho.

Wapo mafundi watakaokuambia kwamba jani hilo linachomeleka. Usikubali, kwa sababu chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu, na joto la kuchomelea huuharibu, hivyo jani hukatika tena kando ya kovu. Ukiwa porini, unaweza kushusha mzigo, ukaweka kipande cha mti mgumu kati ya ekseli na chasisi, ukakifunga kwa mpira wa tyubu na kujikokota hadi kijiji cha karibu. Lakini mti hubeba uzito tu, hauizuii ekseli kurudi nyuma, kwa hiyo jani kuu likiwa limekatika mbele ya ekseli ni heri gari likaja kubebwa.

Nunua springi mbili, si moja, na ueleze dukani kila moja ni ya upande gani. Springi ya upande wa dereva ina mkunjo mkubwa kuliko mwenzake, na anayezibadilisha pande huishia na gari lililoinama bila kujua sababu.

Katika kunyanyua, kuna jambo ambalo limewaponza wengi. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu yenyewe bali hushika propela ya nyuma, yaani mhimili unaozungusha ekseli ya nyuma, inapotoka kwenye giaboksi, na mara tu gurudumu moja la nyuma linapoinuka, difu, yaani gia za ekseli zinazoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti, huliacha lizunguke na gari huweza kujiendea. Weka vigingi imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, nyanyua, kisha weka stendi chini ya chasisi pande zote mbili, na uache jeki ikiwa imeibeba ekseli, maana ekseli ikining'inia itauvuta mpira wa breki.

Ondoa gurudumu, fungua shokapu upande wa chini, kisha fungua yuboliti na ushushe ekseli kidogo kidogo. Ncha ya mbele ya springi imeshikwa na bolti moja, na ncha ya nyuma inaning'inia kwenye vibapa viwili vya chuma. Hapa ndipo kazi ilipo. Kimoja cha vibapa hivyo kimechongwa hesi, yaani mikato ya kuzungushia bolti kama ya nati, kwa hiyo ukishatoa nati ya nje bolti bado imejikaza ndani yake. Inatakiwa kufunguliwa kwa spana, na anayeigonga kwa nyundo huharibu vyote viwili. Ilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Bushi, yaani bomba fupi la chuma lenye raba ndani, iliyomo ndani ya chasisi nayo huwa imeganda: toboa raba yake kwa drili hadi kiini kitoke, kisha ukate gamba la nje kwa wembe wa msumeno wa chuma, polepole, ukisimama kabla hujaigusa chasisi. Kuichoma kwa moto ni haraka zaidi, lakini moshi wake ni mbaya na mimi siupendi.

Wakati wa kurudisha, hakikisha kichwa cha senta bolti kimezama katika tundu lake kwenye kikalio cha ekseli, na utumie yuboliti mpya, kwa kuwa za zamani zimekwisha kuvutika. Bolti za macho na za vibapa zikaze kwa mkono tu kwanza. Rudisha gurudumu, shusha gari, litikise mara kadhaa, na ndipo uzikaze kabisa kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukizikaza springi ikiwa inaning'inia, raba za bushi zitabaki zimejisokota muda wote na zitachanika mapema.

Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza tena yuboliti na urudie kipimo cha tepu. Gari likiwa tupu, upande wa dereva unaweza kusimama juu kidogo kuliko mwingine, na hiyo si kasoro.