Maua ya kutambaa kwenye mawe na vyungu hapa Malindi

Dada mmoja jirani aliniletea picha ya kampanula zimefunika ukuta wa mawe huko Ulaya, akataka kama hizo nyumbani kwake karibu na ufuo. Nilimshauri aachane nazo. Kampanula za kutambaa ni mimea ya milima ya Balkani na Italia, hupenda ubaridi, na joto letu la Kaskazi haziliwezi. Tukapanda portulaka, ua la Amerika Kusini lenye majani manene yanayohifadhi maji.

1. Mahali: jua tupu. Kivulini mwa baraza maua hayafunguki.

2. Miche: mbegu ni ndogo mno na huota zikipata mwanga, kwa hiyo hazifukiwi, upepo nao huzipeperusha. Mimi napendelea vikonyo, yaani vipande vya matawi. Omba kwa jirani, kata urefu wa kidole, pukutisha majani ya chini, acha kivulini siku moja kidonda kikauke.

3. Udongo na maji. Hapa ndipo mimea mingi inapopotea, maana portulaka huvumilia kiu lakini mizizi ikilowa muda mrefu huoza.

Mchanga wa ufuoni una chumvi, usiuguse. Tumia wa mtoni. Ule wa Sabaki ukija na tope, uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe. Changanya sehemu mbili za mchanga na moja ya udongo wenye mboji kidogo. Kisha jaza chungu, mimina kopo la maji, utazame: yakituama juu, ongeza mchanga, ujaribu tena. Usipande kabla hayajapita upesi.

Makumbi ya nazi ni mazuri, ila uliza yametoka wapi. Yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi. Yasuuze mara nyingi au uyaache.

Maji ya kisima yaonje kwanza, kwani visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, hiyo ndiyo chumvi: mwagia maji ya mvua kwa wingi mpaka yatiririke chini. Siku za kawaida mwagilia udongo ukikauka tu. Masika yakishika, hasa Mei, ingiza vyungu chini ya paa na uondoe visahani.

Chungu kiwe cha udongo, chenye tundu. Cha plastiki hushika maji na hupata moto sana juani. Sikipendekezi kwa yeyote.

4. Kwenye mawe: matumbawe yenye matundu ndiyo bora. Jaza nyufa kwa mchanganyiko uleule, chomeka vikonyo, kaza kwa kokoto. Panda upande wa kaskazini wa mawe makubwa, ili upepo wa Kusi na chumvi yake vikingwe.

5. Samadi: kidogo sana, iliyooza vizuri. Ikizidi utapata majani bila maua.

6. Matawi yakirefuka na kupwaya, yakate nusu. Vipande hivyo vichomeke kwenye chungu kingine.